Diploma ya Ualimu: Nani Aliilipa Zamani, na Nani Anailipa Leo?

Jumapili moja, baada ya ibada huku kwetu Mangobo, mama mmoja muuza makayabu alinifuata, daftari ya likelemba mkononi. Kijana wake amekwisha pata diploma ya serikali katika ualimu, ile tunayoiita D6. Sasa ataka kuingia I.S.P. ya Kisangani apate lisansi. Zamu ya mama ya kupokea likelemba i karibu. Fedha ile yaweza kumwandikisha kijana mwaka wa kwanza, au yaweza kuanza kununua pikipiki ya kubebea watu. Akaniuliza: "Baba Katekista, wewe ulisoma seminari. Niambie kweli, diploma hii itarudisha fedha yangu?"

Sikumjibu siku ile. Jibu lake ni refu, nalo laanza zamani za Bulamatari.

Wasomaji wapenzi mwajua kwamba Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika hapa Stanley Falls mwaka 1897 akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Watu wa kwanza waliofundisha kusoma katika vijiji vyetu walikuwa makatekista. Huyo huyo aliyefundisha sala ndiye aliyefundisha a-e-i-o-u, chini ya paa moja la majani. Malipo yake yalikuwa nguo, chumvi, na shamba alilolimiwa na Wakristo. Mafundisho yake hakuyalipia hata kidogo. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II alipatana na Roma: misioni zipewe ardhi, hektari 100 hadi 200 kila moja, nazo zifungue shule. Basi ardhi ndiyo iliyolipa shule, na ardhi ile, tusisahau, ilikuwa ya babu zetu.

Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa fedha kwa shule za misioni za Kikatoliki. Wenzetu Waprotestanti waliachwa nje mpaka mwaka 1948. Jambo hilo halikuwa la haki, na sisi Wakatoliki tuliofaidiwa nalo twapaswa kulisema. Mwaka huo huo masomo ya ualimu yakatengenezwa upya: miaka 2 kwa walimu wadogo wa vijijini, na miaka 4 kwa monitere kamili. Ndipo lilipotoka jina la D4, ambalo wazee bado walitaja kwa heshima. Mvulana aliingia bweni la misioni, akala huko, akalala huko. Mzazi alimtoa mtoto, naam, na kumtoa mtoto si kitu kidogo wakati wa mavuno. Lakini faranga hakutoa nyingi.

Je, monitere alipata nini? Mshahara mdogo, tena mdogo kuliko wa karani. Mtu aliyejua kuandika barua nzuri kwa Kifaransa alionekana mjinga akibaki darasani, maana posta, reli na makampuni yalilipa zaidi. Patrice Lumumba mwenyewe aliingia kazi ya posta hapa Stanleyville mwaka 1944, wala hakushika chaki. Mapadre walinung'unika kwamba wanawafundisha vijana kwa miaka, kisha makampuni yanawachukua. Hata hivyo mshahara wa monitere ulikuwa na jambo moja jema: ulifika. Ulifika kila mwezi, na faranga ya mwezi huu ilinunua chumvi sawa na ya mwezi uliopita.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache mno, hata kuhesabika kwa majina. Ndiyo maana nchi iliwahitaji walimu kama mgonjwa anavyohitaji maji. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huria cha Kongo hapa mjini, na mwaka uliofuata vita vya Wasimba vikakifukuza kwa muda. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na mkuu wake akawa padre wetu aliyekuwa tayari askofu, Monsinyori Tshibangu. Kisangani ikapewa fakulte ya saikolojia na elimu, yaani mambo ya ualimu yenyewe. Mwaka 1981 chuo kile kikagawanywa tena, nasi tukapata Chuo Kikuu cha Kisangani mpaka leo.

Wakati ule, wazee wanasimulia, mwanafunzi wa chuo kikuu alipewa bursa. Alikula katika mkahawa wa chuo, kitanda akapewa. Tena zaire ilipotolewa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dolari 2 za Marekani. Lisansie aliyefundisha shule ya sekondari aliweza kujenga nyumba ya matofali. Nitasema wazi: wale waliosoma kati ya 1967 na 1975 hivi ndio pekee katika historia yetu ambao diploma ya ualimu iliwarudishia mara nyingi kuliko walivyotoa, kwa sababu wenyewe walitoa kidogo sana. Na wazazi wa leo wanapowaambia watoto "soma, utakuwa mtu," wanawakumbuka hao.

Kisha mambo yakageuka. Mwisho wa 1974 serikali ilizitwaa shule zote za dini. Ilizirudisha mikononi mwa Makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, mshahara ukibaki wa serikali. Lakini fedha yenyewe ilikuwa inaoza. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja tu. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Mwalimu aliyeweka akiba kwa zaire aliyeyusha barafu mkononi. Bursa zikafa. Walimu wakagoma, hata mwaka wa masomo 1991-1992 ukaitwa mwaka mweupe, kwa maana haukuandikwa kitu.

Hapo ndipo Kanisa na wazazi walipokubaliana juu ya primu: kila mzazi atoe kitu kidogo ili mwalimu asiondoke darasani. Ilisemekana ni ya muda. Ilidumu zaidi ya miaka 25. Katika vita vya 1998 hadi 2003, mji wetu ulipokuwa chini ya waasi na Kinshasa haikutuma mshahara, bila primu ile shule zingefungwa kabisa. Hata mwezi wa Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana siku sita mjini, mabomu yakafika hata Katedrali, watoto walirudi darasani, na aliyemlisha mwalimu alikuwa mama muuza sombe.

Basi tazameni vizuri. Zamani misioni au serikali ililipa kumtengeneza mwalimu, na serikali ikamlipa mshahara. Tangu miaka ya 1990 mzazi analipa kumtengeneza mwalimu, kisha mzazi huyo huyo anamlipa mwalimu aliyetengenezwa. Gharama imehamia nyumba moja, nyumba ya maskini.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilitimiza iliyoandikwa katika Katiba ya 2006, kwamba shule ya msingi ni bure. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini primu ya msingi ilikwisha, na walimu wa shule zile kubwa za mjini, ambako primu ilipita mshahara, wakajikuta nyuma. Mapatano ya Mbudi ya mwaka 2004 yalikuwa yameahidi dolari 208 kwa mtumishi wa chini kabisa wa serikali. Miaka 20 baadaye, Septemba 2024, walimu waligoma wakidai dolari 500. Katika sekondari primu inaendelea.

Jumapili iliyofuata nilikaa na yule mama, tukafanya hesabu kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka. Hesabu ya mfano tu. Tukaweka kwamba karo, chakula na vitabu ni dolari 400 kwa mwaka, na kwamba kijana angefundisha na D6 yake angepata dolari 80 kwa mwezi. Siku hizi lisansi ni miaka 3: dolari 1,200 za kutoa, na 2,880 za mshahara asioupata, jumla 4,080. Ikiwa lisansi itamwongezea dolari 40 kwa mwezi, atazirudisha katika miaka minane na nusu. Kwa utaratibu wa zamani wa miaka 5, ingekuwa zaidi ya miaka 14.

Mama alinyamaza, kisha akauliza jambo ambalo mimi na Kilatini changu sikulifikiri: "Na kama jina lake haliko katika orodha ya mshahara?"

Kweli. Nchi hii ina walimu wengi wanaofundisha miaka na miaka bila namba ya malipo. Kwa mwalimu wa namna hiyo, D6 na lisansi ni sawasawa: sifuri na sifuri. Nikamwambia kwamba kabla ya kuchagua kati ya I.S.P. na pikipiki, kijana aende kwanza kwa mkuu wa shule anakotaka kufundisha, aulize kama nafasi ile ina fedha yake, na nani yuko mbele yake. Lisansi inampeleka sekondari, ambako primu iko. Hilo ni la kweli. Tena inafungua mlango wa kuwa prefe au mkaguzi, ila mlango ule ni mwembamba.

Sikumwambia achague nini. Aliandika 4,080 pembeni ya daftari, akapiga mstari chini yake, akasema likelemba yake ni ya mwezi wa tisa, na kijana ataenda kuuliza Jumanne.