Rejeta Ndani ya Kompyuta

Foleni ya malori ikirefuka kutoka mpakani Tunduma kurudi nyuma hadi Mpemba, madereva hawakai bure. Mmoja anachemsha chai ubavuni mwa tela, mwingine ameinua kichwa cha gari, anakagua mikanda na maji. Ukipita hapo utalisikia neno rejeta kabla hujafika mwisho wa foleni: rejeta imeziba, rejeta inavuja, rejeta imechomelewa juzi na leo imeachia tena. Neno hilo lilitoka katika Kiingereza, likapewa irabu zake, likapanga ngeli na feni na pampu, likazeeka midomoni mwa mafundi hata kamusi zikalikuta ni mwenyeji.

Nimeanza na lori kwa makusudi, ingawa makala haya ni ya kompyuta. Ipo aina ya kompyuta ya mezani ambayo wahariri wa video, wachoraji wa majengo na wapenzi wa michezo mizito huiunda wenyewe, kipande kwa kipande: kasha dogo, nguvu nyingi, na ndani yake maji yanayozunguka kwenye mipira myembamba ili kuondoa joto. Tuiiteje kazi hiyo ya maji? Nimeona watu wakitaka neno jipya kabisa. Mimi naona maneno karibu yote tunayo, na mengi yamelala gereji. Kinachotushinda ni sarufi ndogo: irabu moja na kihusishi kimoja.

CPU tatu za nchi moja

Tukipe jina kwanza kile kinachopozwa. Katika ofisi nyingi za Tanzania, CPU ni lile kasha zima lililo chini ya meza. "Washa CPU," mtu husema, naye anataka ubonyeze kitufe cha kasha. Kwa mhandisi, CPU ni kipande kimoja ndani ya kasha hilo, chembamba, kinachoenea kiganjani, ndicho kinachofanya hesabu. Na kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi, CPU ni mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu, pale kikundi kinapopeleka mavuno yake ili yamenywe na kuoshwa kwa ubora unaolingana.

Herufi tatu zinabeba vitu vitatu, lakini kitenzi cha Kiswahili kinawaunganisha mhandisi na mkulima: kuchakata. Katani huchakatwa, kahawa huchakatwa, data nazo huchakatwa. Kwa hiyo kichakataji kinatosha, na mtu wa Mbozi ataelewa bila kuelezwa sana kwamba ni kitu kinachopokea mali ghafi upande mmoja na kuitoa ikiwa tayari upande wa pili. Kasha libaki kasha.

Poza na pooza

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kichakataji hutoka ukiwa joto. Kichakataji chenye nguvu huweza kula wati 200 na zaidi. Kadi ya grafiksi ya GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, imepangiwa wati 450. Jumlisha upate wati 650, yaani zaidi ya nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, ikiwaka saa nzima ndani ya kasha unaloweza kulibeba kwapani.

Kitenzi cha kuliondoa joto hilo ni kupoza. Chai hupoa yenyewe ikiachwa. Mtu mwenye haraka huipoza kwa kuimimina kisahanini. Mnyambuliko huo mmoja unazaa ukoo mzima: kipozeo, upozaji, kupozwa, kupozea. Wanaistilahi wana vigezo vyao vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, na kimojawapo ni uwezo wa neno kuzaa mengine. Hapo poza inafaulu bila jasho.

Irabu ndiyo huwaponza wengi. Kompyuta iliyopozwa inafanya kazi. Kompyuta iliyopooza imekufa ganzi. Tofauti ni "o" moja, na vyombo vyetu vya habari huiongeza mara nyingi vinapoandika habari za "kituo cha kupooza umeme", kana kwamba umeme wenyewe umepigwa na kiharusi.

Kituo hicho kinaleta swali jingine. Kituo cha kupoza umeme hakishughuliki na joto; kinashusha volti hadi kiwango ambacho viwanda na nyumba vinaweza kukipokea. Njia ya kilovolti 400 ya kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia, kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga, haina maana bila vituo vya namna hiyo. Je, kitenzi kilichokwisha kuajiriwa na shirika la umeme, TANESCO, kinaweza kuajiriwa tena kwenye kompyuta? Kinaweza, kwa sababu hakijawahi kuwa cha joto peke yake. Tunapoza koo, tunapoza roho, tunapoza makali ya maisha. Maana yake ya ndani ni kupunguza ukali wa kitu, na joto ni ukali wa aina moja tu.

Wa au kwa

Kosa la pili limejificha zaidi. Wengi huandika "upozaji wa maji". Lakini upozaji wa maziwa ni kuyapoza maziwa, ndiyo kazi ya matangi ya kukusanyia maziwa vijijini. Upozaji wa maji, basi, ni kuyapoza maji, kazi ya friji na ya mtungi wa udongo. Kinachopozwa na kinachopozea vimebadilishana viti.

Kiswahili kina kihusishi cha ala, nacho ni kwa. Tunakata kwa kisu, tunaandika kwa kalamu, tunapoza kwa maji. Istilahi ninayoitetea ni upozaji kwa maji, na mashine yenyewe ni kompyuta inayopozwa kwa maji. Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna atakayeyasoma akafikiri ni habari za jokofu.

Maji hubeba

Hata hivyo neno sahihi linaweza kubeba dhana yenye kasoro. Msomaji akisikia maji yanapoza, huwaza ubaridi, naye atataka kutia barafu. Maji hayo hayatengenezi baridi. Hubeba joto kutoka mahali padogo na kulipeleka mahali pakubwa.

Juu ya kichakataji hukandamizwa bamba la shaba lenye mifereji myembamba ndani yake. Kati ya bamba na kichakataji hupakwa pesti ya kupitisha joto, ili pasibaki hewa. Pampu husukuma maji yapite kwenye mifereji hiyo, yapokee joto, yaende hadi kwenye rejeta iliyo ukutani mwa kasha. Hapo feni hupuliza hewa katikati ya mapezi, joto likatoka nje, maji yakarudi kuchukua jingine.

Kwa nini maji badala ya hewa tangu mwanzo? Kwa sababu lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa, vyote vikipanda nyuzi zilezile. Tupige hesabu: pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, zile wati 650 zitayapandisha maji nyuzi mbili na kidogo tu kila yanapopita. Mtu wa Tunduma hahitaji mfano kutoka mbali. Maji ni lori, joto ni shehena, rejeta ni mpaka. Kabla Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde hakijazinduliwa mwaka 2019, gari lilikaguliwa upande huu, likakaguliwa tena upande wa pili, na foleni ikarudi nyuma. Rejeta ikiwa ndogo kuliko joto linalopakiwa, maji nayo hupanda joto safari baada ya safari, hata pampu ikikimbia namna gani. Ndiyo maana anayeunda kompyuta ya aina hii kwenye kasha dogo huanza kwa kupima rejeta, kisha ndipo achague mengine.

Mpaka mwingine ni joto la chumba. Maji yanayopozwa kwa hewa hayashuki chini ya joto la hewa hiyo. Kwa hiyo kompyuta ileile itapumua vizuri zaidi Vwawa asubuhi ya Julai kuliko Kariakoo mchana wa Februari. Ni kweli kwamba hewa ya nyanda za juu, kwenye mita 1,500 na zaidi, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na feni hupata hewa pungufu ya kusukuma. Lakini ubaridi wa huko hulipa deni hilo na chenji ikabaki.

Shaba, nayo, haihitaji kutafsiriwa. Hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini na mara tano ya chuma, ndiyo maana bamba ni la shaba. Malori yanayotoka Zambia na Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma yakiwa yamepakia madini hayohayo, na Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, kwa neno letu hilihili. Tahadhari moja: bamba la shaba na rejeta ya alumini visichangie maji. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja, moja huila nyingine, na inayoliwa ni alumini.

Maneno ya gereji

Rejeta haikuletwa kwenye kompyuta kama sitiari. IBM ilipitisha maji ndani ya kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960, na kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa mzima mzima katika kimiminika kisichopitisha umeme. Lakini watu wa kawaida walipoanza kujaribu nyumbani, mwishoni mwa miaka ya 1990, vipande vya kununua vilikuwa haba. Waliingia kwenye magari mabovu, wakang'oa virejeta vya hita, wakavifunga kwenye kompyuta. Kwa hiyo fundi wa Tunduma akiiita rejeta, hajakosea wala hajafananisha.

Msamiati mwingine unafuata njia hiyohiyo. Chombo cha akiba ya maji ni tangi. Kutoa viputo vya hewa baada ya kujaza maji ni kutoa upepo, kama kwenye breki. Kuwasha pampu peke yake na kuacha maji yazunguke kwa saa kadhaa, karatasi kavu zikiwa zimetandikwa chini ya kila kiungio, ni kupima uvujaji.

Maneno mawili ya gereji, hata hivyo, yahitaji uangalifu. La kwanza ni "maji ya betri". Maji yanayotakiwa ni yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji ili kuacha chumvi nyuma. Kukeneka ni kitenzi cha zamani. Wapika gongo wanaijua kazi hata kama hawalitumii jina. Dukani kwa vipuri, maji ya betri yaweza kuwa hayo, au yakawa asidi. Hapo istilahi si mapambo tena: inalinda vidole na shaba.

La pili ni "kuchemsha". Gari linachemsha, na kwa kimo cha Tunduma maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 95, ndiyo maana rejeta ya gari hufungwa kwa presha. Maji ya kompyuta hukaa nyuzi 30 hadi 40 hivi na hayakaribii kuchemka. Kichakataji kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi chenyewe, hata kikajizima. Kuzidiwa na joto ndiyo istilahi. "Imechemsha" iachiwe utani, hasa kwa vile mtaani kuchemsha ni kushindwa.

Na ile hali ya kujitengenezea mfumo mzima? "Mzunguko uliofungwa" una utata, kwa kuwa kufunga ni kuziba na ni kupachika pia: mfumo uliozibwa kiwandani na ule uliopachikwa na fundi yote miwili "imefungwa". Afadhali kuunda. Jahazi huundwa, bodi ya basi huundwa, zote kwa kipimo cha mwenye mali. Mfumo wa kuunda usimame upande mmoja, mfumo wa kiwandani upande wa pili.

Udogo wa kasha nao una kipimo cha kwetu. Ubao mama wa Mini-ITX, uliotolewa na VIA mwaka 2001, una sentimita 17 kwa 17, na makasha yake hupimwa kwa lita za ujazo. Mengi hayafiki 20. Kompyuta nzima, maji yake na rejeta yake, inaingia katika nafasi ya dumu moja.

Nikipewa nafasi ya kuingiza kidahizo kamusini, ningeandika hivi:

upozaji kwa maji: uondoaji wa joto la mashine kwa kuzungusha maji kati ya bamba linalopokea joto na rejeta inayolitoa hewani. Taz. rejeta, bamba, kukeneka. Si upozaji wa maji, si upoozaji.

Kisha, kabla ya kupeleka popote, ningemsomea fundi wa rejeta pale kwenye foleni. Akiuliza "kompyuta gani hiyo inayotumia maji?" tutakuwa tumekubaliana, maana atakuwa ameuliza juu ya kompyuta, wala hakuuliza juu ya neno.