Wanafunzi Waliofundishwa Kusomana

Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wenye asili ya Puerto Rico waliteka upande wa kusini wa City College, jijini New York, wakafunga malango. Chuo hicho kiko Harlem, lakini vijana wa Harlem waliokaa kwenye madawati yake walikuwa wa kuhesabika. Walikuja na madai matano, na mojawapo lilitaka wanafunzi wapya wafanane na watoto wa shule za sekondari za jiji lenyewe. Bodi ya elimu ya juu ilikwisha kupanga kupanua milango ifikapo 1975; baada ya mgomo huo ikasogeza tarehe hadi 1970. Tangu hapo kila aliyemaliza sekondari jijini alihakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vya CUNY, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, tena bila ada. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa takriban 20,000 mwaka 1969. Mwaka uliofuata wakawa takriban 35,000.

Miaka mingi baadaye mimi nilifika katika mji huohuo, kijana wa Muheza mwenye Kibondei cha bibi, Kiswahili cha stendi na Kiingereza cha sekondari. Nilipata kibarua cha kulipwa kwa saa: kukaa chumba cha chini ya ngazi na kuwasaidia wanafunzi wenzangu kuandika insha. Palikuwa na meza za duara, daftari la kujiandikisha na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, ambalo lilikwisha haraka wiki za mitihani. Kazi ile ilikuwa na ukoo wake, na chimbuko la ukoo huo ni vijana waliokataa kusaidiwa.

Waliofika 1970 wengi wao walikuwa wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo. Hawakuwa Weusi na Wapuerto Rico peke yao. Watoto wa wafanyakazi wa Kiitaliano na wa Kiairishi nao waliingia kwa maelfu. Wahadhiri waliozoea insha zenye utangulizi na hitimisho walipokea karatasi ambazo hawakujua waanze wapi kuzisahihisha. Mina Shaughnessy wa City College ndiye aliyezikalia. Alisoma insha zipatazo 4,000 za kuwapanga wanafunzi wapya madarasani, na mwaka 1977 akatoa kitabu, *Errors and Expectations*, kilichoonyesha kwamba makosa yale yalikuwa na mantiki. Mwandishi mgeni wa lugha ya chuo hubahatisha kanuni kwa akili yake, na mwalimu akiusoma mtindo wa kubahatisha kwake atajua amfundishe nini. Shaughnessy alifariki mwaka uliofuata.

Upande wa pili wa jiji, Brooklyn College, Kenneth Bruffee alikabidhiwa somo la Kiingereza la mwaka wa kwanza. Vyuo vilikuwa vimejibu tatizo kwa njia inayojulikana: vikaajiri wanafunzi wa shahada za juu na wataalamu wa ushauri, vikatenga vyumba na kutangaza ratiba. Wanafunzi hawakwenda. Bruffee alieleza sababu katika makala yake ya 1984: msaada ule ulifanana mno na darasa, ukawa ni mwendelezo wa kitu kilekile kilichokuwa kikiwashinda. Mtu aliyeumbuliwa darasani saa nne asubuhi hana haja ya kwenda kuumbuliwa tena saa nane mchana, safari hii kwa hiari yake.

Uingereza, mwanabiolojia M. L. J. Abercrombie alikuwa amewachunguza wanafunzi wa udaktari London na kuchapisha matokeo mwaka 1960. Aliona kwamba uamuzi wa kitabibu hukomaa haraka zaidi wanafunzi wanapojadiliana juu ya mgonjwa mmoja kuliko kila mmoja anapokisia kivyake. Bruffee alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye insha. Vijana wale tayari walikuwa wakiulizana mambo kwenye treni na kwenye foleni ya chakula, na chuo hakijawahi kuitumia nguvu hiyo. Basi wasaidizi watoke miongoni mwao: wanafunzi wa shahada ya kwanza, wa fani yoyote. Mwenye insha aje wakati wowote bila miadi.

Katika kuwaandaa wasaidizi hao ndipo Bruffee alipofanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi uzito yote aliyoandika baadaye. Hakuwapa semina ya namna ya kumkaribisha mgeni wala orodha ya makosa ya sarufi. Aliwapa kozi ya muhula mzima, yenye alama, na ndani yake wakawa waandishi kwanza. Kila mmoja aliandika insha, nayo ikapita mikononi mwa wenzake kwa hatua. Msomaji wa kwanza hakuruhusiwa kusifu wala kukosoa. Alieleza tu, aya kwa aya, kila aya inasema nini na inafanya nini. Hapo ndipo ilipofuata tathmini. Mwandishi akajibu kwa maandishi. Kisha akaja msomaji mwingine, kama msuluhishi, kupima kati ya hao wawili. Mwalimu alikuja mwisho, akasoma insha pamoja na yote yaliyoandikwa juu yake.

Nilipitia toleo la baadaye la zoezi hilo. Niliandika juu ya mashamba ya mkonge ya Tanga, na msomaji wangu alikuwa binti wa Kibangladeshi aliyesomea uuguzi, ambaye hajawahi kuuona mkonge. Juu ya aya yangu ya tatu aliandika: aya hii inasema bei ilipanda wakati wa vita vya Korea, aya hii inaandaa lawama ambayo mwandishi hajaitoa. Hakuniambia niitoe lawama, wala niifute. Nililala na sentensi ile. Lawama ilikuwapo, ya babu yangu aliyekata mkonge bei ilipokuwa juu akalipwa kama bei ilivyokuwa chini, na mtu asiyemjua babu yangu alikuwa amekiona kivuli chake kwa kuuliza tu aya inafanya nini.

Wazo la mwanafunzi kumfundisha mwanafunzi ni la kale. Joseph Lancaster alilitumia London tangu 1798: viranja wachache waliokaririshwa na mwalimu mmoja wakawakaririsha mamia. Kwenye vyuo vya Qurani vya pwani yetu, aliyetangulia juzuu humsikiliza aliye nyuma yake, na mwalimu akapata nafasi ya kupumua. Lakini katika mifumo hiyo miwili somo limekwisha kukamilika kabla ya mtoto kufika. Kazi ya mkubwa ni kulinda lisiharibike kwenye mdomo wa mdogo. Insha ya mwanafunzi haijakamilika, na mkufunzi rika, yaani mwanafunzi anayemsaidia mwenzake, hana nakala sahihi ya kulinganisha nayo. Ndiyo maana mafunzo yake hayangeweza kuwa ya kukariri. Ilibidi afundishwe namna ya kusoma kitu ambacho mwenyewe bado anakitafuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bruffee aliendesha mafunzo ya kiangazi Brooklyn kwa walimu wa vyuo vingine, kwa fedha za serikali kuu. Walimu hao nao, wengine wakiwa na shahada za uzamivu, waliandika insha na kusomana kwa hatua zilezile. Waliporudi makwao wazo likaota kila mahali kwa sura yake. Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1982, chini ya Tori Haring-Smith, kilianza kuwapachika wakufunzi rika ndani ya kozi: wanasoma rasimu, wanaandika maoni, wanakutana na mwandishi, ndipo mhadhiri anaipata. Mwaka 1984 kongamano la kwanza la kitaifa la wakufunzi hao lilifanyika hukohuko Brown.

Mabishano ya wataalamu wa uandishi hayakuchelewa. Mwaka 1987 John Trimbur aliuliza kama cheo chenyewe hakijipingi: ukishamfundisha, ukamlipa na kumpa meza, yule rika bado ni rika? Alionya kwamba mafunzo ya kiufundi yakija mapema mno, huzaa walimu wadogo wenye utii kwa chuo kuliko kwa wenzao. Mwaka 1991 Jeff Brooks akapendekeza ukali wa upande mwingine: keti pembeni ya mwandishi, karatasi iwe mbele yake, penseli iwe mkononi mwake, asome yeye kwa sauti, na kazi yote aifanye yeye. Ushauri huo ulitawala vituo vingi, hata changu. Miaka minne baadaye Linda Shamoon na Deborah Burns waliuhoji, wakisema kuna wanafunzi wanaohitaji kuonyeshwa waziwazi namna jambo linavyofanywa.

Mimi niko upande wao. Mwanamke wa Kihaiti aliyekuwa akija kwangu jioni, akitoka zamu ya hospitali, aliniuliza swali moja tu: kwa nini profesa anataka hoja kuu ijulikane ukurasa wa kwanza, wakati kwao mzungumzaji mwenye adabu huizunguka kwanza? Kumrudishia swali kwa upole, “wewe unaonaje?”, kungekuwa ni kumficha kanuni ambayo wazawa wa vyuo wameipata mezani kwa wazazi wao. Nilimwambia kanuni hiyo ni ipi na ni ya nani. Aliamua mwenyewe aifuate wapi.

CUNY yenyewe ilibadilika. Mgogoro wa fedha wa jiji ulileta ada mwaka 1976, miaka 129 tangu chuo chake cha kwanza kilipoanzishwa kama Free Academy, na mwishoni mwa miaka ya 1990 bodi ikaamua kuondoa kozi za kujiimarisha katika vyuo vya miaka minne. Wakufunzi rika wakabaki. Harvey Kail, mmoja wa waliopita mafunzo yale ya kiangazi ya Brooklyn, pamoja na Paula Gillespie na Brad Hughes, waliwatafuta waliowahi kufanya kazi hiyo katika vyuo vyao vitatu na kuchapisha majibu yao mwaka 2010. Walikuwa wameingia kazi za namna nyingi, na walisema kilichowafuata maishani ni uwezo wa kusikiliza na kusoma kazi ya mwingine kwa makini.

Huku nyumbani Tanzania, vyuo vikuu vyetu vina somo la stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, na mara nyingi mhadhiri husimama mbele ya ukumbi wa mamia ambao insha zao hawezi kuzisoma kwa haki. Nikiwasimulia wenzangu habari za Brooklyn, huulizia vyumba na kompyuta. Hivyo vinapatikana. Kilicho ghali ni ule muhula mmoja, wenye alama kwenye cheti, ambao wanafunzi wanaandika na kusomana kabla hawajapewa meza. Chuo kitakachouruka kwa semina ya Jumamosi moja kitakuwa kimeajiri viranja wa Lancaster kwa jina jipya.