Bahari ya Bibi: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA
Fundi wa vioo aliingiza kichwa chini ya kabati, akaitazama sampu aliyoiunda kwa mikono yake, kisha akanigeukia na swali moja tu: "Kaka, umeme ukikatika, maji haya yataelekea wapi?"

SASA ENDELEA

Sikuwa na jibu. Miezi miwili nilikuwa nimelihangaikia tangi la juu, lile la kuonekana na wageni: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, lita 300 za bahari sebuleni kwetu Nkuhungu. Sampu ya chini nilikuwa naiona kama beseni la kukingia maji, basi.

Fundi hakunicheka. Alikaa sakafuni, akachomoa chaki mfukoni, akanichorea safari ya maji. Yanashuka yenyewe kwa uzito wake kupitia bomba la pembeni. Yanapita kwenye soksi inayokamata mabaki ya chakula, yanaingia chumba cha mnara wa povu. Humo pampu ndogo inaisaga hewa ikawa mapovu laini kama unga, uchafu unayang'ang'ania, unapanda nayo mpaka kikombeni. Maji ya mto hayaiwezi kazi hiyo, kwa kuwa mapovu yake ni makubwa na hupasuka njiani. Kutoka hapo yanakwenda chumba cha mwani, penye vigae vya vyungu vilivyovunjika, halafu yanapanda na kushuka kwenye vioo vitatu vilivyopishana ili yaache mapovu nyuma. Mwisho kuna pampu kubwa inayoyarudisha juu.

"Sasa zima pampu," akasema. "Bomba la kurudisha linageuka mrija. Linanyonya maji ya juu na kuyaleta chini. Mdomo wake umeuzamisha sentimita 10. Kila sentimita ya tangi hili ni lita 6. Piga hesabu."

"Lita 60."

"Na huku chini nimekuachia nafasi ya lita 65. Ukipona, umepona kwa kudra ya Mungu."

Akachukua drili, akatoboa kitundu cha milimita 6 kwenye lile bomba, juu kidogo tu ya uso wa maji. Pampu ikizimika, hewa itaingia pale na mvuto utakatika. "Ila kila Jumamosi ukizibue kwa kijiti cha kiberiti," akaonya. "Kitakuwa kinarusha matone, na hewa kavu ya Dodoma inaigandisha chumvi upesi. Usiache wiki ipite."

Tulipojiandaa kujaribu, jirani yetu, mzee wa Kigogo, alisimama mlangoni. "Mbukwenyi!" Bibi akamkaribisha, akamsogezea kigoda. Fundi akazima swichi. Bomba likakoroma, maji ya juu yakashuka vidole viwili, kitundu kikapiga mluzi kikivuta hewa, kisha kimya. Sampu ilikuwa imepokea kama lita 20, haikumwaga hata tone.

Mzee aliinama akayatazama yale maji yaliyozama chini ya kabati. "Hivyo ndivyo mji huu ulivyopata jina," akasema. "Tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, matope yakamshika, akadidimia. Waliomwona wakasema *idodomya*, amezama. Kijana, hapa kwetu cha kuogopwa ni kinachokwenda chini."

Fundi akachora mstari mwekundu kwenye kioo cha chumba cha pampu. "Maji yasivuke hapa. Yakivuka, zile lita 65 zangu zimeliwa." Akaitundika soketi ukutani, nyaya akaziacha zining'inie chini kwanza ndipo zipande, ili tone likiteleza kwenye waya lidondokee sakafuni lisifike kwenye umeme. Kisha akaondoka.

Bahari yenyewe ilikuwa imetoka Tanga, madumu 25 ya lita 20, yamepangwa juu ya lori la machungwa ya Muheza. Chumvi ya dukani isingefaa. Ile ni ya kuungia mboga, haina kalsiamu wala magnesi ambazo bahari inazo. Madumu 19 yakaingia kwenye tangi na sampu, sita yakabaki stoo kuwa akiba. Mawe ya mwamba Bibi aliyakataa katakata. Yeye ni mzaliwa wa Tongoni, na bahari ya kwao tangu 2009 ni hifadhi ya silikanti. Utotoni mwake aliyaona matumbawe yakichomwa tanuruni yawe chokaa. "Mwamba ni nyumba ya mtu," alisema. "Hatubomoi nyumba ya mtu ili tupambe yetu." Ndipo nikaenda kuokota vigae vya vyungu, maana udongo uliochomwa una vitundu vingi, na ndani ya vitundu hivyo ndimo bakteria wanamoishi.

Tukawangoja hao bakteria wiki sita. Kazi yao ni kuila amonia na kuigeuza mpaka iwe chakula cha mwani. Kumwingiza samaki kabla hawajawa wengi ni kumtia kwenye sumu ya uchafu wake mwenyewe. Kila asubuhi Bibi aliburuta kiti chake, akakaa mbele ya tangi tupu akisikiliza maji yanavyoshuka. Tangu Mama ahamishiwe huku na wizara, nasi tukamchukua Bibi tuje naye, sikuwa nimewahi kumwona ametulia namna ile.

Wiki ya sita nilitumbukiza haidromita. Siku zote ilisoma 1.025, kipimo cha bahari yenyewe. Sasa ilisoma 1.027. Nikaifuta, nikaiosha, nikapima tena. Siku nne baadaye ikasoma 1.029.

Kuna mtu alikuwa anaongeza chumvi kwenye bahari yetu.

*

Nilikwenda stoo. Dumu la kwanza nililiinua kwa kidole kimoja. La pili vilevile, na la tatu, na la nne. La tano lilikuwa nusu.

Hapo nikakumbuka jambo lililonifurahisha kijinga. Upepo wa kiangazi wa Dodoma ulikuwa unakausha karibu lita 5 kwa siku, nami nilizoea kufidia kwa maji ya mvua tuliyokinga Machi, maana ya bomba, yatokayo visima vya Mzakwe, ni mazito na huacha ukoko mweupe kwenye birika. Lakini kwa wiki mbili maji hayakuwa yamepungua. Nilidhani ni baridi ya Julai.

Usiku ule sikulala. Saa nane nilisikia kandambili zikiburuzika ukumbini. Nuru pekee sebuleni ilikuwa ile taa ya mwani chini ya kabati, ambayo huwaka usiku taa ya juu inapolala. Bibi alipiga magoti mbele yake, kata mkononi, anamimina polepole kama anayemnywesha mgonjwa.

"Bibi!"

Hakushtuka. "Njoo, mume wangu. Inakauka hii. Kila siku naiona inapungua, nawe unaipa maji ya mvua. Bahari ya Tongoni hainyweshwi mvua ya Dodoma."

Nikakaa chini kando yake. Nilimweleza kwamba kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote hubaki, na kila kata anayoongeza inaizidisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo yetu haijaondoka? Iko humu yote?"

"Iko humu yote, Bibi."

Alitazama mikono yake iliyolowa, akailamba ncha ya kidole. Nami nikainama kuutafuta mstari mwekundu. Sikuuona. Ulikuwa chini ya maji, chini kabisa. Bibi alikuwa ameongeza zaidi ya yaliyopaa, na kwa makadirio yangu lita 20 za nafasi ya fundi zilikuwa zimekwisha kuliwa. Ilinipasa kuzitoa usiku uleule.

Simu ikatetema. Mjomba, tuliyemwagiza samaki. "Shuka Nanenane haraka, basi la Tanga limeingia. Samaki wako hai, ila betri ya pampu yao imekufa tangu Gairo!"

*

Nilirudi saa kumi kasoro. Ndani ya ndoo walikuwamo wawili, rangi ya chungwa lililoiva, kila mmoja na mistari myeupe, wanahema juujuu. Kuwatia kwenye maji ya 1.029 moja kwa moja kungeweza kuwaua, kwa hiyo wakae ndooni kwanza, wazoezwe kidogokidogo. Walihitaji hewa. Waya wa pampu yao haukufika ukutani. Nikavuta soketi ya kurefushia, nikailaza sakafuni kando ya kabati.

Fundi hakuitundika ile yake ukutani bure. Lakini ilikuwa kwa usiku mmoja tu, nami macho yalikuwa yananifumba.

Bibi hakutaka kuondoka. Akavuta kiti chake karibu na ndoo, akavua kandambili, akaanza kuwaongelesha wale samaki kwa sauti ya chini. Mara ya mwisho kumsikia akiongea hivyo, alikuwa anampakata mdogo wangu. Nikamwacha.

Kilichoniamsha ni ukimya. Maji hayakuwa yanashuka. Nilifumbua macho gizani: hakuna taa ya mwani, hakuna mngurumo wa pampu. Umeme ulikuwa umekatika. Nikasubiri mluzi, ule wa kitundu kinachovuta hewa.

Haukuja.

Jumamosi. Ile ya juzi nilikuwa stendi mchana kutwa kuulizia mzigo wa Mjomba, na kijiti cha kiberiti sikukishika. Chumvi ya Bibi, iliyozidi, ilikuwa imekiziba. Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: lita 60 zinashuka, nafasi imebaki 45.

Nilifika mlangoni na tochi ya simu. Lita 15 si nyingi ukizisikia kwa maneno. Sakafuni zilikuwa ziwa. Maji yalikuwa yametambaa chini ya kiti, yakaizunguka ndoo, yakaifikia ile soketi na kuilowesha. Katikati yake Bibi amesimama pekupeku, amewakumbatia samaki na ndoo yao kifuani.

"Mume wangu," akasema, "bahari imetoka nje."

"Usisogee, Bibi. Usiguse kitu!"

Dirishani, ng'ambo ya barabara, taa za nyumba ya yule mzee wa Kigogo zikawaka. Kisha ya pili yake. Kisha ya tatu, ukuta kwa ukuta na yetu.

Nikageuka, nikaikimbilia swichi kuu iliyo mwisho wa ukumbi. Mkono wangu ulikuwa haujaigusa, friji ya jikoni ikaanza kunguruma.

Itaendelea Jumamosi ijayo.