Kina cha Udongo kama Msingi wa Usanifu wa Bustani za Paa

Mijadala kuhusu bustani za paa, yaani maeneo yaliyopandwa mimea juu ya mapaa bapa ya majengo, kwa kawaida huanza na manufaa yake kwa mandhari na hewa ya mji, kisha huingia moja kwa moja katika uteuzi wa mimea. Makala hii inadai kwamba mpangilio huo unatanguliza la mwisho, kwa sababu uamuzi unaotawala maamuzi mengine yote ni kina cha udongo: ndicho kinachoamua uzito utakaobebwa na jengo, kiasi cha mvua kitakachozuiwa, mimea itakayostahimili kiangazi na, kwa njia hiyo, kiasi cha joto kitakachopunguzwa.

Suala la kwanza ni uzito. Wahandisi hutofautisha mzigo wa kudumu, ambao ni uzito wa jengo lenyewe na vyote vilivyoambatishwa nalo, na mzigo unaobadilika, kama vile watu na samani. Katika viwango vya Uingereza, ambavyo vimetumiwa kwa muda mrefu pia na wahandisi wa Afrika Mashariki, paa lisilofikiwa na watu isipokuwa kwa matengenezo husanifiwa kwa mzigo unaobadilika wa takribani kilo 60 tu kwa kila mita ya mraba. Udongo wa kawaida ukilowa kabisa hufikia kilo 1,800 hivi kwa mita ya ujazo, hivyo tabaka la sentimita 10 pekee huongeza kilo 180 kwa mita ya mraba, ambazo ni mara tatu ya kiwango hicho, tena ni mzigo usioondoka. Ndiyo maana wasanifu huepuka udongo wa shambani na kutumia mchanganyiko mwepesi wa mawe ya volkano yenye vitundu, matofali yaliyopondwa au chembe za mfinyanzi zilizochomwa hadi zikafura, pamoja na mboji kidogo. Mchanganyiko huo hupunguza uzito lakini haufuti hesabu, kwa kuwa maji unayoyashika yana uzito wake palepale.

Bustani iliyo juu ya City Hall ya Chicago, nchini Marekani, inaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyoweza kuongoza umbo la bustani. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1911, na bustani yake iliwekwa chini ya utawala wa Meya Richard M. Daley, miaka michache baada ya wimbi la joto la Julai 1995 lililosababisha vifo vya watu zaidi ya 700 mjini humo. Ilipokamilika mwaka 2001 ilikuwa na mimea takribani 20,000 ya spishi zaidi ya 150. Udongo haukutandazwa kwa kina kimoja: baadhi ya sehemu zilipewa sentimita 10 hivi, nyingine 15, na miti, ambayo ilihitaji takribani sentimita 60, ikawekwa juu ya nguzo, ambako uzito hushuka hadi kwenye msingi bila kuelemea slabu katikati ya nafasi iliyo wazi. Kwa kuwa nusu ya pili ya jengo ni ya serikali ya kaunti na ilibaki na paa jeusi la lami, ulinganisho ulipatikana bila kutafutwa: siku moja ya Agosti 2001, paa hilo lilifikia nyuzi 76 za Selsiasi, ilhali eneo lenye mimea lilikuwa kati ya nyuzi 33 na 48.

Hata hivyo, vipimo vya Chicago haviwezi kuhamishiwa Dar es Salaam bila kupimwa upya, kwani mvua na jua la miji hiyo miwili havifanani. Tabaka la sentimita 10 linaloweza kushika maji kwa theluthi ya ujazo wake huhifadhi lita 33 hivi kwa mita ya mraba, sawa na mvua ya milimita 33. Kwa mvua moja inayonyesha baada ya siku kavu, hicho ni kiasi kikubwa. Lakini wakati wa masika, ambapo mvua hufuatana siku kwa siku, udongo uliokwisha kulowa hupitisha karibu maji yote yanayoongezeka, hivyo ahadi kwamba bustani za paa zitamaliza mafuriko ya mabondeni haina mashiko. Kiangazi nacho huleta tatizo la kinyume, kwa maana mimea ikitumia milimita 4 za maji kwa siku, akiba hiyo huisha katika muda wa siku nane hivi.

Inaweza kujibiwa kwamba suluhisho ni kupanda mimea inayovumilia ukame, kama jamii ya mishubiri. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina gharama ambayo mara nyingi haitajwi. Bustani hupoza paa kwa kivuli na, zaidi ya hapo, kwa maji yanayogeuka mvuke kupitia majani na kuchukua joto. Mmea unaofunga vitundu vya majani mchana ili kuhifadhi maji hutoa mvuke kidogo, na hivyo hupoza kidogo. Anayetaka ubaridi zaidi hana budi kuongeza kina, jambo linalorudisha swali la uzito, au kumwagilia. Umwagiliaji kwa maji ya bomba katika mji wenye mgawo wa maji ni vigumu kuutetea, ilhali maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi, au ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi, yanaweza kuingizwa katika michoro tangu mwanzo.

Kwa hiyo, sera inayohimiza bustani hizi kwa kutaja ukubwa wa eneo pekee ingekuwa pungufu. Toronto, iliyopitisha sheria yake mwaka 2009 na kuyataka majengo mapya yenye sakafu za kuanzia mita za mraba 2,000 yawe na mimea kwenye asilimia 20 hadi 60 ya paa linalofaa, iliambatanisha viwango vya ujenzi vinavyogusa mizigo, utoaji wa maji na utunzaji wa mimea. Halmashauri za miji ya Afrika Mashariki zinaweza kuanza na sharti dogo lakini zito: kila ombi la kibali cha bustani ya paa liambatane na ramani ya kina cha udongo iliyoidhinishwa na mhandisi wa miundo, pamoja na maelezo ya chanzo cha maji ya kiangazi. Jengo la zamani lisiloweza kukidhi sharti hilo litahudumiwa vizuri zaidi na rangi nyeupe inayorudisha mwanga wa jua, ambayo haiongezi uzito wa maana, kuliko na bustani itakayokauka au kupasua slabu.