Kamba za Wamangbetu

Kaskazini-mashariki mwa Kongo, katika nchi iliyo kati ya mto Uele na mto Bomokandi, mtoto wa ukoo wa watawala wa Wamangbetu alifungwa kichwa tangu wiki zake za mwanzo duniani. Kamba nyembamba zilizungushwa mzingo juu ya mzingo kutoka paji la uso hadi kisogoni, zikakazwa upya kadiri mtoto alivyokua, mpaka fuvu likarefuka kwenda juu na nyuma. Mila hiyo iliitwa lipombo. Mwanamke akishakua aliuongeza urefu huo kwa nywele zilizosukwa na kupandishwa kisogoni mfano wa taji. Kichwa kirefu kilitangaza cheo na uzuri, na baada ya muda hata majirani wasio wa ukoo wa kitawala wakaiga. Anayekitazama kichwa cha namna hiyo pichani leo huuliza swali lilelile la mzazi ambaye mwanawe amebapa kisogo upande mmoja: je, akili iliyomo ndani imeumia? Ninavyoisoma historia ya jambo hili, swali lenyewe limekuwa likiulizwa kinyumenyume. Umbo la kichwa hutueleza mtoto alilazwaje na alifungwaje. Na pale linapoandamana na kuchelewa kwa ukuaji, mara nyingi kuchelewa ndiko kulikotangulia.

Tuanze na mifupa. Mtoto huzaliwa na fuvu ambalo maungio yake bado yako wazi, ili apite njia ya uzazi na ili ubongo upate pa kukulia. Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa kama robo tu ya ule wa mtu mzima, na kufikia mwaka wa pili au wa tatu huwa umefika kama asilimia 80. Utosi wa mbele, ule unaoonekana ukidunda, kwa kawaida hujifunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Katika kipindi hicho ubongo ndio unaousukuma mfupa. Kamba za lipombo zilipozuia upande mmoja, ubongo ulikua kuelekea upande usiozuiwa. Nafasi ya ndani ilihama zaidi kuliko ilivyopungua. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa Kongo na jumba la makumbusho la historia ya asili la New York kati ya 1909 na 1915, waliwakuta watu wenye vichwa hivyo katika baraza la chifu Okondo wakiishi maisha kamili ya ukubwani, katika jamii iliyosifika kwa uhunzi, uchongaji wa pembe na ujenzi wa kumbi kubwa. Mpinzani makini atasema kwamba baraza la chifu si mtihani, na kwamba upungufu mdogo wa akili usingeonekana katika picha za Lang. Ni kweli, na siwezi kuapa kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyeumizwa na kamba. Lakini anayedai madhara makubwa ana deni la kueleza jinsi tabaka zima la watawala lilivyojidhuru ubongo kizazi baada ya kizazi na bado likabaki madarakani.

Wala tusidhani kamba zilikuwa za Afrika peke yake. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanasimulia taifa lililofunga vichwa vya watoto kwa kuamini kwamba urefu ni ungwana. Karibu zaidi na zama zetu, wakulima wa Ufaransa, hasa pande za Toulouse na Normandie, waliwafunga watoto wachanga vitambaa na kofia za kukaza. Nia yao ilikuwa kukilinda kichwa, na fuvu likatoka limebonyea. Mwaka 1834 daktari Achille Foville, aliyehudumia wagonjwa wa akili mjini Rouen, aliandika kwamba wengi wa wagonjwa wake walikuwa na mafuvu ya namna hiyo, akakilaumu kitambaa kwa wazimu wao. Hoja hiyo ina sura ya sayansi, ila ina tundu katikati. Ikiwa mila imeenea kijiji kizima, wagonjwa wa kijiji hicho watakuwa nayo, na wazima pia watakuwa nayo. Kinachotakiwa ni kuwahesabu walioko nje ya ukuta wa hospitali. Isitoshe, kadiri karne ile ilivyosonga vitambaa vilizidi kuachwa, huku idadi ya waliolazwa katika hospitali za vichaa za Ufaransa ikizidi kupanda.

Wakoloni nao walikuwa na kigeugeu chao. Msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925 ulimpiga picha Nobosudru, mwanamke wa Kimangbetu, na sura yake ya ubavuni ikageuzwa nembo ya safari hiyo. Serikali ya Kibelgiji iliyotawala eneo hilo ilipiga mila yenyewe marufuku, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imefifia. Ng'ambo ya pili, Rwanda, wapimaji wa utawala huohuo walizungusha vipimo kwenye mafuvu na pua za watu wakitafuta tofauti ya asili kati ya Mtutsi na Mhutu. Kichwa kilichofinyangwa kwa kamba mbele ya macho yao hakikuwafundisha kwamba umbo linaweza kutengenezwa na mikono ya mlezi.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa Foville, linatoka katika kliniki za leo. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mtoto asilazwe kifudifudi, kwa sababu ya vifo vya ghafla vya usingizini. Ushauri ukashika, na katika muda wa kama miaka kumi vifo hivyo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Visogo bapa navyo vikaongezeka: sikio la upande uliobapa husogea mbele, paji la upande huo hutokeza, na uso mzima huonekana kama umepinda. Watafiti waliowafuatilia watoto hao hadi umri wa shule waliona kwamba wale ambao ubapa wao ulikuwa wa kati au mkubwa walipata alama za chini kidogo kuliko wenzao; wenye ubapa mdogo hawakutofautiana na wengine. Basi Foville alikuwa sahihi? Sidhani. Mtoto mwenye misuli legevu, au mwenye shingo iliyokaza upande mmoja, hageuki usingizini, na asiyegeuka hubapa. Njiti naye yumo katika kundi hili. Yule aliyechelewa kujigeuza ndiye atakayekuwa na kisogo bapa, na ndiye huenda atakayechelewa kukaa na kutembea. Ubapa haukumchelewesha.

Hata tiba ya kuurekebisha mfupa peke yake imeonyesha mipaka yake. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014, watoto 84 waligawanywa, wengine wakavishwa kofia ngumu za kunyoosha fuvu kwa miezi sita, wengine wakaachwa. Walipopimwa wakiwa na miaka miwili, karibu robo ya kila kundi walikuwa na kichwa cha kawaida kabisa, na aliyevaa hakumpita asiyevaa kwa lolote la maana.

Kuna hali moja ambayo haimo katika hoja hii, na kuichanganya na ubapa ni hatari. Kwa mtoto mmoja kati ya kama 2,000 au 2,500 maungio ya fuvu hufunga mapema mno, jambo ambalo Rudolf Virchow alilieleza mwaka 1851. Hapo mfupa unaweza kweli kuubana ubongo, na mtoto huhitaji daktari wa upasuaji, tena mapema. Ndiyo maana mganga anayeijua kazi yake huanza kwa kupapasa maungio na utosi; akiridhika kwamba viko wazi, mkono wake hushuka shingoni, akaigeuza kulia, kisha kushoto, aone kama mtoto anageuka mwenyewe.