Podo na Ziaka: Makazi ya Mshale

Vijana wapendao shabaha siku hizi hukata mabomba ya plastiki, yale ya kupitishia maji, wakayaunga kwa viungo na gundi hata yakasimama mfano wa kichanja, kisha wakatundika uta juu yake na kuchomeka mishale katika vipande vifupi vya chini. Nami kila nikionapo chombo hicho hukumbuka kwamba kwetu suala la mahali pa kulaza mshale halikuwa jepesi kuliko suala la namna ya kuupiga.

Lugha yenyewe ni shahidi. Kiswahili cha pwani kina majina mawili ya chombo cha mishale, podo na ziaka, na hilo la pili ni jamaa wa thiaka ya Wakikuyu na thyaka ya Wakamba. Hata mvi, neno ambalo wengi wa leo hawalijui ila kwa nywele za uzeeni, lilikuwa jina la mshale.

Walioshughulika na jambo hili kwa dhati ni Waata, ambao watu wa pwani huwaita Wasanye na wengine Waliangulu, wasemao lugha iliyo karibu na Kioromo, na ambao tangu kale waliwinda ndovu katika nyika ya Tsavo na mto Galana. Uta wao ulihitaji nguvu ipitayo ratili 100 kuuvuta, hata mgeni mwenye misuli aghalabu aliaibika akijaribu. Lakini pamoja na nguvu zote hizo, kilichomwua ndovu kilikuwa sumu. Iliyotumika ni ya msunguti, ambao vijiti vyake hukatwakatwa na kuchemshwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena hata yakabaki mazito na meusi kama lami. Huusimamisha moyo, na ajabu ni kwamba waganga wa Ulaya walipoipata waliifanya dawa ya moyo huohuo, wakaiita kwa jina litokanalo na waabaayo ya Kisomali.

Sumu hiyo ikikauka hupungua nguvu, na mkwaruzo mmoja wa bahati mbaya watosha kumwua mwenyewe. Kwa hiyo mshale wa Waata haukuwekwa uchi: sehemu iliyopakwa ilizungushiwa ukanda wa ngozi laini, usiofunguliwa ila mnyama akiwa karibu, ndipo mshale ukatiwa podoni. Tena kila mwindaji alichonga alama yake, kwa kuwa ndovu aliyechomwa huweza kwenda mbali kabla ya kuanguka, na bila alama pembe zingezua ugomvi.

Mwaka 1948 nyika ya Tsavo ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mtu aliyelala mwindaji akaamka jangili. Katika msako mkubwa wa 1956 na 1957, ulioongozwa na maafisa wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley, mapodo yalipekuliwa na mishale ikakusanywa; na zile alama, zilizochongwa ili jirani asimdhulumu jirani, zikawa ushahidi wa kumtambua mtuhumiwa. Naiona kuwa dhulma, ingawa sikatai kwamba ndovu walikuwa wakiangamia. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ili Waata wawinde kwa ruhusa. Nao haukutimiza yaliyotarajiwa, hata ilipofika 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji.