Simba Aliisha, Chui Akabaki: Historia ya Saboti Ambayo Hatuisimulii

Uliza watu kumi hapa Saboti mfalme wa wanyama ni nani. Wote watakuambia simba. Si yuko hata kwenye nembo ya taifa, wawili kabisa, wameshika mikuki? Sawa. Sasa uliza tena: simba mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, yuko wapi Trans Nzoia? Hayuko. Aliyebaki ni chui, na yeye tunamtaja siku mbili tu: siku Ingwe inacheza, na siku mbuzi wa mtu amepotea.

Maoni yangu ni haya. Ukitaka kuielewa historia ya ardhi hii, usianze na gavana wala mlowezi. Anza na swali moja: kwa nini simba aliisha na chui akabaki?

Turudi nyuma. Uwanda huu ulio kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani ulikuwa nyasi, si mahindi. Ulikuwa malisho ya Wasabaoti na Wamaasai. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri kutoka Scotland, alifika Elgon akakuta watu wanaishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Usicheke. Pango ukiliziba mlango usiku, adui wa mkuki analala nje, na adui wa makucha pia analala nje. Hao wazee walijua majirani zao.

Halafu wakaja walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919, serikali ya kikoloni iligawia wanajeshi wa Kizungu mashamba, na Trans Nzoia ikiwemo. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mahindi na ngano zikawa na njia ya kwenda sokoni, na plau zikafanya kazi. Nyasi zikaisha, na wanyama wa nyasi wakaisha nazo. Twiga wa mwisho wa upande huu walikuwa kule Soy, barabara ya Eldoret. Miaka ya 1970 wakachukuliwa, wengine wakapelekwa Nairobi, wengine Nakuru.

Hapo ndipo simba alipokwama. Simba ni mnyama wa ukoo. Anaishi kundi, anawinda kundi, analala peupe bila wasiwasi, na kundi lote linahitaji nyama kubwa: pundamilia, kongoni, nyati. Ukimwondolea hao, anabaki na ng'ombe. Na ng'ombe wana mwenyewe, na mwenyewe ana bunduki. Hadithi ikaishia hapo.

Chui ni mtu mwingine kabisa. Kwanza tuelewane: chui si duma. Duma ana mistari myeusi kama machozi usoni na vidoa vya duara. Madoa ya chui mwilini yanajikusanya kama maua. Duma anategemea mbio mchana kwenye uwanda. Chui anategemea giza, kichaka na subira. Anaishi peke yake. Anakula karibu chochote: pongo, nguruwe mwitu, nyani, tumbili, pimbi, ndege, panya, hata wadudu. Akiua mnyama mkubwa anaweza kumpandisha juu ya mti, asinyang'anywe na fisi. Mama hubeba mimba miezi mitatu hivi, huzaa watoto wawili au watatu, huwaficha mwambani au kichakani, na hukaa nao mwaka mmoja na nusu hadi miwili akiwafundisha kazi. Baba hashughuliki na malezi.

Kwa hiyo nyasi za chini zilipolimwa, chui hakuwa na haja ya kufa. Alipanda mlimani. Elgon ina msitu, ina mapango kama Kitum, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa meno yao, na pongo na nyati hufuata chumvi hiyo hiyo. Kwa mwindaji wa usiku, hiyo ni hoteli.

Lakini hata yeye nusura aende. Waswahili wakimsema mnafiki humwita chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Historia inatuonyesha kinyume: binadamu aliyevaa ngozi ya chui. Miaka ya 1960 koti la ngozi ya chui lilikuwa fasheni Ulaya na Marekani. Jackie Kennedy, mke wa rais, alipigwa picha amelivaa mwaka 1962, na matajiri wengi wakalitaka. Chui aliyeuawa Afrika Mashariki alikuwa akivaliwa New York. Mkataba wa kimataifa wa CITES, ulioanza kazi 1975, ndio uliobana biashara hiyo. Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kabla ya hapo, mwaka 1968, sehemu ya Elgon upande wetu ilikuwa imefanywa mbuga ya taifa, kilomita za mraba 169. Si kubwa. Kijana mwenye pikipiki anaimaliza mapema.

Na hapa sasa tunaingia sisi. Mlowezi aliondoka, lakini plau ilibaki. Mashamba yakagawanywa, familia zikaongezeka, na leo mahindi yanagusana na msitu. Mkulima mwenye ekari moja na mbuzi wanne si mlowezi. Mbuzi mmoja kwake ni karo ya mtoto. Kwa hiyo simtukani akikasirika. Ninachopinga ni dawa anayoitumia: mzoga uliotiwa sumu. Sumu haichagui. Itaua chui, itaua mbwa wako, itaua tai, na inaweza kuingia mtoni tunakochota maji.

Tena kuna hesabu ambayo hatuifanyi. Nani anamaliza mahindi yako ukingoni mwa msitu? Nyani, tumbili na nguruwe mwitu. Na nani anawala hao usiku, bila mshahara? Ukimuua chui mmoja kwa sababu ya mbuzi mmoja, umefuta kazi askari wa shamba lako.

Cha kufanya kipo. Chui anaruka ua, kwa hiyo banda la mbuzi bila paa ni sahani. Weka paa, ziba mianya, ingiza mifugo kabla ya giza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu fidia kwa mifugo iliyouawa na chui. Toa ripoti KWS mapema, piga picha, usiondoe mzoga kabla hawajaja. Na kwa serikali: fidia inayochelewa miaka ni sawa na kumpa mkulima sumu mkononi. Mkitaka chui aishi, lipeni kwa wakati.

Simba tulimpoteza kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hakuna aliyetuuliza. Huyu wa pili bado yuko huko juu, na safari hii tunaulizwa. Waulize babu na nyanya zako walimwona wapi mara ya mwisho, kisha andika hapa chini. Hiyo pia ni historia, na wanaoijua wanazeeka.